Neno "nyeusi" lina kosa gani?

Waandishi na wafasiri wa Kiswahili wana ugomvi mmoja usiokwisha. Upande mmoja unataka misemo kama soko jeusi, orodha nyeusi, siku nyeusi na kondoo mweusi wa familia (yule anayewaaibisha jamaa zake) iondolewe katika magazeti, vitabu na taarifa za habari, kwa hoja kwamba si haki rangi ya ngozi ya wasemaji wenyewe igeuzwe jina la kila kitu kiovu. Upande wa pili unajibu kwamba rangi ni rangi tu, kwamba binadamu ameogopa giza tangu enzi na enzi, na kwamba kuikagua lugha neno kwa neno ni kumtafuta mchawi pasipo na uchawi.

Kila upande una haki yake, na nitajaribu kuitoa. Lakini naona wote wanaruka jambo moja. Wanabishana juu ya neno bila kuliuliza limetoka wapi, limekuwa likifanya kazi gani, na ni lini lilianza kutumwa kazi ambazo si zake.

Tuanze na umbo lake. Katika rangi zote tunazozitaja kwa Kiswahili, ni tatu tu zenye shina la kivumishi linalopokea viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Tunasema mtu mweusi, watu weusi, jiwe jeusi, mawe meusi, kitu cheusi, nguo nyeusi. Nyingine zote hubebwa na -a ya uhusiano: gari la kijani, kanga ya manjano, viatu vya kahawia. Ukizitazama kwa karibu utaona kwa nini. Kijani imezaliwa na jani. Manjano ni kile kiungo kinachotia chakula rangi na kuacha alama kwenye vidole. Kahawia imetoka kwenye kahawa, kijivu kwenye jivu, zambarau kwenye tunda lake, samawati kwenye neno la Kiarabu la mbingu, na bluu imetoka kwa Waingereza. Hata neno rangi lenyewe asili yake ni Uajemi. Hizo zote ni majina ya vitu au ya wageni yaliyopewa kazi ya kutaja rangi. Zile tatu ni za Kibantu, na ziko ndani ya mwili wa lugha.

Ushahidi mwingine uko kwenye tanakali. Nyeusi tii. Nyeupe pee. Nyekundu ndu, au pyu kama wengine wanavyosema. Tanakali hizo kila mtu anazijua tangu utotoni. Ukitaka kusisitiza bluu, inabidi useme bluu sana, au bluu iliyoiva, kwa sababu lugha haijakaa nayo muda wa kutosha kuipa mlio wake.

Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha utafiti uliolinganisha majina ya rangi katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo. Walidai kwamba lugha hupata majina hayo kwa mpangilio unaofanana: nyeusi na nyeupe hutangulia, nyekundu hufuata, kisha kijani na manjano, halafu bluu na zilizobaki. Madai yao yamepingwa kwa mengi, likiwemo la kutegemea wasemaji wachache mno waliokuwa wakiishi Marekani. Hata hivyo, kwa upande wa Kiswahili, ngazi hizo za mwanzo zinasomeka hadi kwenye sarufi yetu.

Neno lililoifanya kazi hiyo likiwa na wenzake wawili tu lazima liwe pana. Ndivyo lilivyo. Nyeusi ya Kiswahili cha asili si ile ya wino wa mashine ya kuchapa peke yake. Ni kila rangi iliyoiva na kuelekea gizani: buluu nzito, kijani cha ndani kabisa, kahawia ya udongo uliolowa. Chukua kaniki. Ni kitambaa cha pamba kilichotiwa nili, na nili ni buluu. Ukiinyoosha juani utaiona buluu yake, lakini watu huiita nyeusi na hawakosei. Wingu jeusi nalo mara nyingi ni la kijivu kilichokolea, na hakuna mkulima atakayekusahihisha ukiliita jeusi.

Kwa watu ni hivyohivyo. Sikiliza tangazo la mtu aliyepotea: ni mweusi, mrefu wa wastani, alikuwa amevaa shati la mikono mirefu. Au: ni mweupe, mnene kiasi. Au lile jina zuri kuliko yote, maji ya kunde. Wote watatu ni Waafrika, pengine wa tumbo moja. Mweusi hapo hataji kabila wala asili ya mtu. Ni kipimo, kama mrefu na mfupi, kinachomlinganisha mtu na jirani yake. Katika matumizi haya neno halina tusi wala sifa. Ni taarifa ya kumsaidia anayetafuta.

Maana ya pili, ile ya mtu mweusi kwa kumpambanua na Mzungu au Mwarabu, ni tabaka jingine, na kwa sehemu kubwa imejengwa na macho ya wengine. Wageni ndio walioyaita maeneo ya bara hili kwa rangi ya watu wake. Sudan ni ufupisho wa maneno ya Kiarabu yenye maana ya nchi ya weusi. Jina Zanzibar huelezwa kuwa linatokana na Kiajemi, pwani ya Wazanji, yaani weusi. Ethiopia ni Kigiriki, nchi ya watu wenye nyuso zilizoungua. Sisi, walipofika Wazungu, hatukuwaita weupe. Wengi huliunganisha jina Mzungu na kuzunguka: tulimwita mtu kwa mwendo wake. Ni tofauti ndogo, lakini inanisaidia kuelewa kwamba kupanga watu kwa rangi hakukuwa zoea letu la kwanza.

Sasa nije kwenye hoja ya wanaotaka mabadiliko, na niieleze kwa nguvu yake yote.

Mwaka 1971 bondia Muhammad Ali alihojiwa kwenye televisheni ya Uingereza na Michael Parkinson. Alieleza jinsi alivyokuwa akimuuliza mama yake utotoni: kwa nini malaika wote ni weupe? Kwa nini keki ya malaika ni nyeupe na ile ya shetani ni ya chokoleti? Kwa nini paka mweusi ndiye mwenye nuksi? Watu walicheka, lakini swali lilikuwa zito. Mtoto anayekua akisikia neno moja likitumika kwa ngozi yake na kwa kila balaa hahitaji kufundishwa kujidharau. Lugha inamfundisha bila kufungua darasa.

Na hili limewahi kupimwa. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwapa watoto weusi wa Marekani midoli iliyofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza upi ni mzuri, upi ni mbaya, upi wangependa kuchezea. Wengi walichagua mdoli mweupe kuwa mzuri na mweusi kuwa mbaya. Mahakama Kuu ya Marekani iliutaja utafiti wao mwaka 1954 ilipoharamisha shule za ubaguzi. Wanaotaka mabadiliko wanasema, na ni vigumu kuwapinga, kwamba kama neno ni sehemu ya mazingira yanayomlea mtoto, basi tuna wajibu wa kulitazama. Hata taasisi zisizo na uhusiano wowote na Afrika zimefika hapo. Mwaka 2020 kituo cha serikali ya Uingereza kinachoshughulikia usalama wa mtandao kilitangaza kuacha maneno ya orodha nyeusi na orodha nyeupe, kikachukua orodha ya waliokataliwa na orodha ya walioruhusiwa. Waliona hawapotezi chochote, maana majina mapya yanaeleza kazi yake vizuri zaidi.

Wapinzani wao nao hawaji mikono mitupu. Wanasema nyeusi kuwa alama ya ubaya hakukuletwa na Mzungu peke yake, na wana ushahidi. Mwanaanthropolojia Victor Turner aliishi na Wandembu wa kaskazini-magharibi mwa Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu wa Kibantu kama wengi wetu. Alikuta mila zao zimejengwa juu ya rangi zilezile tatu za sarufi yetu. Nyeupe ilikuwa maziwa, unga, uzima na heri. Nyekundu ilikuwa damu, pamoja na wema na hatari yake. Nyeusi ilikuwa mkaa, kifo, usiku na uchawi. Kurani nayo, katika Sura ya Aal Imran aya ya 106, inataja siku ambayo nyuso nyingine zitakuwa nyeupe na nyingine zitakuwa nyeusi. Na ni nani katika pwani yetu asiyejua habari za paka mweusi na majini? Kwa hiyo, wanasema, msiitwike Ulaya mzigo ambao ni wa binadamu wote. Mtu huogopa usiku kwa sababu usiku haoni.

Hoja hiyo naiheshimu. Lakini mashahidi walioletwa mahakamani wanasema zaidi ya walichoitiwa. Turner huyohuyo aliandika kwamba kwa Wandembu nyeusi ilikuwa pia alama ya mapenzi na hamu ya mwili, na hilo si jambo la laana. Uislamu wenye aya ile ndio wenye Jiwe Jeusi ambalo mahujaji hulibusu, na Kaaba yenyewe hufunikwa kwa Kiswa, kitambaa cheusi. Aya inazungumzia nyuso za furaha na za majuto, haizungumzii ngozi.

Kisha kuna Wamaasai. Wao si Wabantu, lakini ni majirani na ndugu zetu, na mfano wao unatosha kuyumbisha madai kwamba nyeusi ni ubaya kwa kila binadamu. Katika imani yao ya jadi Mungu, Enkai, ana sura mbili. Enkai Narok, Mungu mweusi, ndiye mwema, mleta mvua na majani ya mifugo. Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu, ndiye wa hasira na ukame. Narok, jina la mji na kaunti ya Kenya, ni neno hilohilo, na linatokana na mto wa maji meusi. Mfugaji aliyengoja mvua miezi mingi anapoinua macho na kuona wingu limegeuka jeusi, haoni balaa. Anaona ng'ombe wake wakipona. Na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kusini, mnyama wa kafara ya kuomba mvua alichaguliwa awe mweusi, ili afanane na wingu linaloitwa.

Hapo ndipo kondoo mweusi wa familia anapoonekana kuwa mgeni kabisa. Kwa Waingereza, maelezo yanayotolewa ni kwamba sufu nyeusi haikubali kutiwa rangi, hivyo kondoo wa namna hiyo alikuwa hasara zizini. Ni msemo wa wafanyabiashara wa sufu. Kwetu kondoo mweusi alikuwa yule anayetengwa kwa heshima. Tunapoandika kwamba fulani ni kondoo mweusi wa ukoo wao, tumeichukua hasara ya mfugaji wa nchi nyingine tukaifanya fikra yetu.

Na hili, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha suala zima. Kiswahili kilipotaka kutaja uovu, mara nyingi hakikwenda kwenye -eusi. Kilikwenda kwingine. Kilikwenda kwenye giza, ambalo ni ukosefu wa mwanga na wala si rangi. Kilikwenda kwenye uchafu: fedha chafu, mchezo mchafu, kumchafulia mtu jina, kupakana matope, na sasa kutakatisha fedha. Au kiliuita uovu kwa jina lake: roho mbaya, nia mbaya, mkosi, nuksi, balaa.

Tazama uchawi. Kiingereza kinahitaji rangi ili kutofautisha uchawi wa kudhuru na ule wa kuponya, kwa sababu kina neno moja kwa yote mawili. Kiswahili kina mchawi na mganga, na hakuna mtoto anayewachanganya. Kwa hiyo tafsiri za filamu zinapoandika uchawi mweusi zimefanya makosa mawili kwa mpigo. Zimepachika rangi pasipohitajika, na zimedokeza kwamba upo uchawi mwingine, mweupe, ulio mzuri. Katika Kiswahili uchawi mzuri haupo.

Tazama biashara. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipokuwa akisimamia msako dhidi ya wahujumu uchumi nchini Tanzania, bidhaa zilikuwa adimu na watu walikuwa na maneno ya kueleza kilichokuwa kikitendeka: ulanguzi, walanguzi, magendo, kuficha bidhaa. Uganda ya miaka ya 1970 nayo ililijua neno magendo vilivyo. Kila neno kati ya hayo linaeleza tendo lake. Mlanguzi hununua na kuuza kwa bei ya kuumiza. Mfanya magendo hupitisha mali kinyume cha sheria. Soko jeusi linayachanganya yote kwenye kapu moja na kuyaacha bila sura. Mhariri anayeliandika hajapata neno zuri zaidi. Ameacha mawili mazuri aliyokuwa nayo.

Hata kikombe cha chai kinatufundisha. Chai isiyo na maziwa wengi wetu huiita chai ya rangi, na Kenya utasikia strungi. Si chai nyeusi. Kahawa ya kwenye vikombe vidogo isiyo na sukari ni kahawa chungu. Tulichagua ladha badala ya rangi. Ni pale tu tunapotafsiri orodha ya vinywaji ya hoteli ndipo chai nyeusi inapoingia mezani.

Yapo maneno mawili yanayonivutia kuliko yote katika suala hili: peupe na kweupe. Tunasema aliyasema peupe, yaani hadharani bila kificho. Mwizi aliiba mchana kweupe. Hapa wanaosema rangi nyeupe imependelewa katika lugha yetu wana hoja ya kweli, maana uwazi ni sifa njema na umepewa -eupe. Lakini uliza kinyume chake. Jambo lisilosemwa peupe limesemwa wapi? Hakuna asemaye peusi. Watu husema gizani, kichinichini, mafichoni, chini ya kapeti. Lugha ilikuwa na nafasi iliyo wazi ya kuitia nyeusi upande wa hila na usiri, na umbo lake la kisarufi lipo tayari. Haikuitumia.

Wala -eupe yenyewe haijabaki kuwa malaika. Mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani bila kusoma ni mweupe, kichwani hamna kitu. Na sanda, nguo ya mwisho ya Mwislamu, ni nyeupe. Anayetaka kuamini kwamba kifo kina rangi moja duniani kote akumbuke kitambaa tunachowafunika wetu tunapokwenda kuwazika.

Nikiishia hapo, nitakuwa nimeandika utetezi mtamu mno wa Kiswahili, kana kwamba ubaya wote uliingia na meli. Si kweli. Roho nyeusi watu husema, na wengi wanaosema hivyo hawajawahi kusoma Kiingereza. Mweusi kama chungu, mweusi kama lami, mweusi kama mkaa: hayo ni matusi ya uwanja wa shule, ya Kiswahili halisi, na yanauma. Utani wa vibarazani kuhusu ngozi ya mtu haukutafsiriwa kutoka popote. Waliopinga hoja ya wageni-ndio-waliotuharibu wana haki ya kutuonyesha mambo hayo.

Na kuna mkorogo. Vipodozi vya kuchubua ngozi vimepigwa marufuku mara nyingi katika nchi zetu, vikarudi mara nyingi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulizitaka nchi wanachama ziondoe ifikapo 2020 vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Zebaki hiyo huharibu figo. Wanaojipaka wanajua kuna hatari, na bado wanajipaka, kwa sababu kuna mtu aliyewahi kuwaambia, kwa mdomo au kwa kutowatazama, kwamba weupe hulipa. Hapa ndipo ninapotilia shaka matumaini makubwa ya wanaotaka mabadiliko. Ukifuta soko jeusi kwenye kila gazeti kesho asubuhi, duka la mkorogo litafunguliwa kesho hiyohiyo. Maneno hayajaumba soko hilo peke yake, na hayawezi kulifunga peke yake.

Lakini kusema maneno hayatoshi si kusema hayana kazi. Historia ya karne iliyopita inaonyesha neno hili likichukuliwa kwa makusudi na kupewa heshima. Mwaka 1920, mjini New York, chama cha Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi kutoka Jamaika, kilitangaza nyekundu, nyeusi na kijani kuwa rangi za watu wa asili ya Afrika. Tanganyika ilipopandisha bendera yake mwaka 1961, nyeusi ilikuwamo ikiwakilisha watu, na ikabaki kwenye bendera ya Muungano mwaka 1964. Uganda ilifanya hivyo mwaka 1962, Kenya mwaka 1963. Fikiria uzito wake. Serikali tatu mpya, zilipoulizwa wananchi waonyeshwe kwa rangi gani, zilijibu ileile ambayo mtawala aliitumia kuwazuia kuingia hotelini.

Mwaka 1966 Maulana Karenga, msomi Mmarekani mweusi, alianzisha Kwanzaa, sherehe ya mwisho wa mwaka ya Wamarekani weusi, akachukua Kiswahili kuwa lugha ya sherehe hiyo. Mishumaa ni saba: mitatu myekundu, mitatu ya kijani, na mmoja mweusi katikati, ambao huwashwa wa kwanza kwa jina la Umoja. Afrika Kusini, Steve Biko, mpinzani wa utawala wa ubaguzi wa rangi, na wenzake walienda mbali zaidi. Walilifungua neno mweusi likawajumuisha Waafrika, Wahindi na machotara, wote waliobaguliwa kwa sheria, na wakasisitiza kwamba weusi ni mtazamo wa akili kabla ya kuwa rangi ya ngozi. Hakuna aliyefanya hayo kwa kulikimbia neno. Walilisogelea.

Sifa hiyo nayo ina mizizi nyumbani. Mpingo, mti ambao wachongaji wa Kimakonde wanauthamini kuliko miti mingine, huwa na tabaka la nje la rangi ya njano hafifu na moyo mweusi. Mchongaji huanza kwa kulipasua lile la nje, vipande vyepesi vinaanguka miguuni pake, mpaka patasi igonge sehemu ngumu na mlio wake ubadilike. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mbao hiyohiyo nyeusi hutengenezewa zumari za okestra huko Ulaya. Mtu anayesifiwa kwa weusi wa mpingo anajua amesifiwa.

Wanaosema tafsiri ni jambo dogo nawapeleka kwenye Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, mstari wa tano. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema: "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Uzito wote uko kwenye lile lakini. Kiunganishi cha Kiebrania kilichopo pale kinaweza kusomwa na, kinaweza kusomwa lakini. Wafasiri wa Kigiriki wa kale waliandika na. Tafsiri ya Kilatini iliyotawala kanisa la magharibi kwa karne nyingi ikaandika lakini, na Kiingereza kikafuata njia hiyo. Ni mweusi na ni mzuri, au ni mweusi ila hata hivyo ni mzuri? Neno mweusi halijaguswa katika tafsiri zote mbili. Kilichobadilika ni neno dogo la pembeni. Mstari huo unasomwa na wasichana weusi makanisani kwetu, na ningependa matoleo yajayo yafikirie upya kiunganishi hicho. Hilo lingefanya kazi zaidi ya kufuta misemo ishirini.

Basi msimamo wangu hauwezi kuwa mmoja kwa kila kitu. Shimo jeusi la wanafizikia liachwe: ni mahali ambapo hata mwanga hautoki, na jina linaeleza hali. Wingu jeusi ni letu, na anayetaka kulisafisha aulize wakulima kwanza. Kisanduku cheusi cha ndege kinanisumbua kwa sababu nyingine. Chombo hicho, ambacho David Warren wa Australia alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake katika miaka ya 1950, hupakwa rangi kali ya machungwa ili kionekane kwenye mabaki. Si cheusi hata kidogo. Kinasa safari kingefaa, na msomaji angeelewa kinachofanya.

Orodha nyeusi naiona kama Waingereza walivyoiona mwaka 2020: tuna kufungiwa, tuna kupigwa marufuku, tuna orodha ya waliokataliwa. Ijumaa Nyeusi ya maduka ni jina lililoanza kutumika hivyo kwa polisi wa Philadelphia waliochoshwa na msongamano wa magari na wanunuzi, na kwa msomaji wa Kiswahili halisemi lolote. Wenye maduka waandike Ijumaa ya punguzo, bidhaa zitauzika vilevile. Soko jeusi, kondoo mweusi na uchawi mweusi ningeviondoa leo, na sababu yangu ya kwanza ni kwamba ni Kiswahili dhaifu. Kwamba vinaumiza ni sababu ya pili, nayo inatosha pale ya kwanza inaposhindwa.

Siku nyeusi ndiyo inayonipa kazi. Gazeti linapoandika hivyo baada ya meli kuzama au basi kuanguka, wasomaji wanalia pamoja nalo na hakuna anayefikiria ngozi. Kiswahili kina siku ya msiba, siku ya simanzi, siku ya majonzi, na mimi ningetumia mojawapo kati ya hayo. Lakini sioni haja ya kumwandama anayechagua lile jingine akiwa katika huzuni yake. Na mwandishi wa hadithi ambaye bibi wa kijijini kwake anasema yule ana roho nyeusi, asisahihishwe na mtu. Bibi huyo anasema alichorithi. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyekaa mbele ya kompyuta na taarifa ya shirika la habari la nje, akakutana na neno la rangi, akaligeuza kama lilivyo bila kujiuliza watu wake huliitaje jambo hilo.